Baba anataka kuuza shamba la mikorosho nikasome masta Uingereza, Ujerumani wamenipa skolashipu yote, na Zanzibar nako wananisubiri. Nifanyeje?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika. Leo naandika kwasababu nina wiki chache tu za kuamua jambo ambalo naona litaigusa familia nzima na sio mimi peke yangu. Naomba jina langu lisitoke.

Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike ana miaka mitatu. Nilisoma SUA pale Morogoro, digrii ya sayansi na usimamizi wa mazingira, nikamaliza 2020. Tangu 2021 nipo Kilwa kwenye shirika dogo linaloshughulika na mikoko na wavuvi, yaani ndio sisi tunaopanda mikoko, tunakaa vikao na BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, tunapima miti, tunaandika ripoti za wafadhili usiku mpaka macho yanauma. Kazi naipenda sana. Shida ni kwamba mkataba wangu unaisha Juni, mradi haujapata mfadhili mwingine, na kila nafasi ya maana inayotangazwa siku hizi wanataka mwenye masta. Kwahiyo mwaka jana nikajifunga kibwebwe nikaomba vyuo kila nilipoona mlango, na Mungu si Athumani, majibu yamekuja matatu kwa pamoja, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma.

La kwanza ni Uingereza. Masta ya usimamizi wa mazingira, mwaka mmoja, chuo chenye jina kubwa. Ada ni pauni 27,000, wamenipa skolashipu ya pauni 8,000, inabaki 19,000, na wanataka dipoziti ya pauni 4,000 kabla ya mwisho wa Mei. Shangazi hii kozi ndio ile hasa niliyokuwa naiota, ina sheria za mazingira, ina tathmini ya athari kwa mazingira, ina mambo ya tabianchi na biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa ile hewa ya ukaa ambayo miti inaifyonza. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema hii imeandikwa kwa ajili yangu.

La pili ni Ujerumani. Hii ni skolashipu ya DAAD, lile shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, inalipa kila kitu, bumu euro 992 kwa mwezi, bima, na hela ya nauli, miaka miwili. Ila kozi ni ya misitu ya tropiki, Chuo Kikuu cha Dresden, na masomo yenyewe wala hayapo Dresden mjini, yapo kwenye kamji kadogo pembeni kanaitwa Tharandt. Mimi sikuwahi kujiona mtu wa misitu, nakuwaga nawaza bahari na watu wa pwani. Kusema kweli niliiomba kwasababu ina hela yote. Na miaka miwili mbali na mtoto wa miaka mitatu, nikifikiria tu naanza kulia.

La tatu ni hapahapa nyumbani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko kule Zanzibar. Kuna profesa tulifahamiana kwenye semina, ana mradi wa utafiti, amesema atanilipia ada na gharama za fildi na posho kidogo ya kila mwezi, nianze muhula wa Oktoba au Novemba. Ni mtu mzuri, ana heshima yake. Lakini nikiwaambia rafiki zangu wananishangaa, eti una ofa ya Uingereza halafu unaenda Zanzibar? Hata bosi wangu kaniambia cheti cha nje ndio kinafungua mashirika makubwa, cha hapa utabaki palepale ulipo.

Sasa familia. Baba yangu ni mkulima wa korosho wilaya ya Lindi, sisi tuko watoto watano na mimi ndio wa kwanza kufika chuo kikuu. Alipoona barua ya Uingereza alikaa kimya halafu akasema, "Nitauza shamba la kule bondeni, mwanangu ukasome." Ni shamba kubwa kuliko yote aliyonayo. Kaka zangu wawili hawajasema kitu mbele yake ila pembeni najua wananung'unika. Nina mjomba yuko Leicester miaka mingi, anasema nije tu, nitalala kwake na nitapata kazi za kulea wazee, ada italipika yenyewe, halafu baadae namvuta mume na mtoto. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari hapa Kilwa, kila nikimuuliza anasema "amua wewe, mimi nakusapoti", lakini uso wake hausemi hivyo. Mama mkwe yuko tayari kukaa na mtoto.

Shangazi, naogopa nikiacha Uingereza nitajuta maisha yangu yote. Naogopa nikiuza shamba la baba nikafeli nitaishije. Naogopa nikienda Ujerumani nitarudi na cheti cha kitu ambacho sikukitaka. Na nikikaa nyumbani naogopa watasema nilishindwa. DAAD nao wanataka jibu haraka. Nisaidie kufikiri maana peke yangu nimechoka.

Mama wa Mikoko, Kilwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, na naomba uipokee hiyo hongera vizuri usiipite haraka. Mtu aliyekuwa anaandika ripoti za wafadhili usiku na mtoto mdogo ubavuni, halafu akapata majibu matatu ya namna hii, huyo hajabahatisha. Barua yako imejaa neno "naogopa" mpaka mwisho, na mimi naisoma naona mtu ambaye sehemu tatu tofauti, watu wasiojuana, wamemuangalia wakasema huyu tunamtaka. Anza kufikiri ukiwa umesimama hapo.

Kama nimekuelewa, unaona una chaguo la moyo ambalo ni Uingereza, chaguo la hela ambalo ni Ujerumani, na chaguo la kurudi nyuma ambalo ni Zanzibar. Ndivyo ulivyoyapanga. Mimi sitakwambia uende wapi, maana maisha ni yako na mtoto ni wako, lakini huo mpangilio wenyewe naomba tuuguse kidogo, kwasababu naona kuna vitu umevichukulia kama vimeshathibitishwa na bado.

Tuanze na Uingereza kwasababu ndiko kwenye shamba la mzee. Umeandika inabaki pauni 19,000. Hiyo ni ada peke yake mwanangu. Ili upate viza ya mwanafunzi lazima uonyeshe pia hela ya kuishi, kwa nje ya London ni zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi kwa miezi tisa, na hiyo hela lazima iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, kuna ada ya viza yenyewe, kuna vipimo vya kifua kikuu, kuna tiketi. Ukijumlisha unapita pauni 30,000, kwa hela yetu inacheza kwenye milioni 100. Zile 8,000 walizokupa ni msaada wa kweli, sizidharau, lakini zimepunguza mzigo ambao karibu wote bado uko mgongoni kwa mzee wako. Je hilo shamba la bondeni linauzika milioni 100? Limeshathaminiwa, au mzee alisema vile kwa mapenzi tu ya baba? Naomba ulijue hilo kabla hujatuma hata shilingi ya dipoziti.

Na kuna jambo la mpangilio wa matukio ambalo wengi hawalioni mpaka wameshafika katikati. Hela inatakiwa ionekane benki KABLA ya viza, maana yake shamba linauzwa kwanza halafu ndio unaomba viza. Ikitokea umenyimwa, na watu wananyimwa hata wenye vigezo kwasababu ya karatasi moja kukosekana, vyuo vingi hurudisha dipoziti na ile ada ya afya inarudi, lakini mikorosho ya mzee hairudi. Wakati huo mnunuzi atakuwa ameshaanza kuvuna. Kwahiyo kama mtaamua kwenda njia hiyo, muulize mzee kama kuna namna nyingine ya kuonyesha hela bila kuuza kwanza, na uwaulize chuo kwa maandishi sera yao ya kurudisha dipoziti viza ikikataliwa. Hela ya mzazi inakubalika kwenye viza ukiwa na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa, haina ulazima iingie kwenye akaunti yako.

Mjomba wa Leicester namheshimu na naamini anakupenda, ila anachokwambia ni cha miaka ya nyuma. Tangu Januari 2024 mwanafunzi anayeenda kusoma masta ya kawaida ya darasani Uingereza haruhusiwi kuja na mume wala mtoto kama wategemezi wake, ruhusa imebaki kwa wanaofanya digrii za utafiti na wachache wenye skolashipu za serikali. Ile viza ya kubaki baada ya kumaliza ipo, ila kwa watakaoiomba kuanzia 1 Januari 2027 imepunguzwa kutoka miaka miwili kuwa miezi 18, na familia ambayo haikuwa na wewe ulipokuwa mwanafunzi haiwezi kuja kukuunga kwa viza hiyo. Kwahiyo hesabu ya "namvuta mume na mtoto baadae" naona haina miguu kwa sasa. Na kazi, wakati wa muhula ni saa 20 kwa wiki basi, ukizidisha unahatarisha viza. Saa 20 za kulea wazee zitakulisha na zitakupa nauli ya basi, lakini kwa pauni 19,000 za ada hazifiki, na utakuwa unasoma masta ya mwaka mmoja ambayo inakimbia kweli kweli, muhula mmoja unageuka unakuta umeshafika kwenye tasnifu.

Nimeandika sana kuhusu hatari za Uingereza, usifikiri nakufukuza huko. Mwaka mmoja ni mwaka mmoja, kwa mama wa mtoto mdogo tofauti ya mwaka mmoja na miwili ni kubwa sana na hata mimi naihesabu. Kozi ndio unayoitaka. Na Uingereza ina mlango mwingine ambao kwenye barua yako sijauona. Wewe una zaidi ya miaka miwili ya kazi, kwahiyo kwa uzoefu unafaa kuomba Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, ambayo dirisha lake huwa linafunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, inalipa ada yote, bumu na tiketi, na sharti lake ni urudi nyumbani ukae si chini ya miaka miwili. Zipo pia skolashipu za Jumuiya ya Madola. Unaweza kuwaandikia chuo ukawaomba nafasi yako isogezwe mwaka mmoja mbele, wengine hukubali, ingawa lile punguzo la 8,000 huwa halisogei nalo moja kwa moja, uliza. Hatari ya njia hii iko wazi, utaachia kilichopo mkononi kwa ajili ya kitu kinachogombaniwa na maelfu ya watu, mkataba unaisha Juni na mwaka mzima wa kusubiri ukiwa nyumbani bila mshahara unachosha roho kuliko watu wanavyodhani. Ila ipo, na haigusi shamba la mtu.

Sasa Ujerumani, na hapa nina swali ambalo naomba usilikasirikie. Hivi mikoko ni nini kama sio msitu? Unasema hujawahi kujiona mtu wa misitu, lakini kazi uliyoniandikia mwenyewe, kupanda, kupima miti, kukaa na wanakijiji kuhusu nani akate na nani asikate, hiyo ni kazi ya misitu mwanangu, na kisheria mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya misitu, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ile ya delta ya Rufiji, hapo juu yenu tu, imewekwa chini ya hifadhi tangu wakati wa Mjerumani mwaka 1898. Na hiyo kaboni unayoitamani kwenye kozi ya Uingereza, msingi wake ni kujua mti una kipenyo gani, una urefu gani, mizizi na udongo vimebeba kiasi gani. Kule Gazi, Kwale, kwa majirani zetu Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, wanauza kaboni ya mikoko na hela inaingia kwenye maji na shule za kijiji, na isingewezekana bila watu waliokaa kwenye matope wakapima miti. Tharandt nayo usiidharau kwa udogo wa mji, pale misitu inafundishwa tangu 1811, ni moja ya shule za misitu za zamani kabisa duniani.

Lakini pia usichukue maneno yangu ukajilazimisha kuipenda. Inawezekana kabisa hisia yako ni sahihi na kozi ile imejaa misitu ya milimani na mbao, na pwani inaguswa kidogo tu. Hilo linajulikana bila kubahatisha. Omba orodha ya masomo yote, angalia yapi ni ya lazima na yapi unachagua, angalia waliotangulia waliandika tasnifu za nini, halafu uliza swali moja ambalo kwako ni la dhahabu, kama fildi ya tasnifu unaweza kuja kuifanyia Kilwa au Rufiji na nani analipa nauli. Jibu la swali hilo linaweza kubadilisha ile hesabu yako ya miaka miwili bila kumuona mtoto.

Kuhusu hela ya DAAD, watu wakisikia imelipwa yote wanafikiri utakuwa unatuma nyumbani. Euro 992 kwa mwezi ukizidisha mara 12 unapata 11,904, na hicho ndicho kiasi ambacho Ujerumani inamtaka mwanafunzi anayejilipia aonyeshe kwa mwaka ili apewe viza, yaani serikali yao imehesabu kwamba hapo ndipo mtu mmoja anaishi. Mtu mmoja. Ukiwa mtu wa kubana utaweza kutuma kidogo, lakini usiahidi kujenga. DAAD kwenye mazingira fulani huwa inaongeza posho kwa ajili ya familia iliyofuatana na mwanafunzi, kwahiyo waulize waziwazi kwa kesi yako, mume na mtoto mmoja, wanatoa nini na kwa sharti gani. Na ukitaka kufanya kibarua wanataka uombe ruhusa yao kwanza. Angalia pia tarehe ya kuondoka, maana skolashipu hizi kwa kawaida zina kozi ya Kijerumani ya miezi kadhaa kabla ya masomo kuanza Oktoba, unaweza kukuta safari yako ni katikati ya mwaka na sio Oktoba kama ulivyojipanga. Kozi utasoma kwa Kiingereza ila daktari wa mtaani, muuza mkate na mwenye nyumba wote watakusemesha Kijerumani.

Zanzibar nimeiacha mwisho lakini sio kwasababu ni ya mwisho. Kusema kweli hapa ndipo barua yako imeniuma, pale uliposema ukikaa nyumbani watasema ulishindwa. Akina nani? Hao rafiki zako watakuwepo kwenye fildi na wewe? Taasisi ile ipo tangu 1978, na kwa mambo ya pwani yetu wala sio sehemu ya kujificha. Wanawake wa Zanzibar walianza kulima mwani kibiashara mwaka 1989, joto la maji lilipoanza kuua mwani ule wa bei nzuri, ni watafiti wa pale waliokuwa wanaingia nao majini kutafuta kina kipi na mbegu ipi itasalimika. WIOMSA, ile jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye ruzuku za utafiti, makao yake yako Zanzibar hapohapo. Mtu anayetaka kufanya kazi na BMU za Kilwa miaka 20 ijayo, watu anaohitaji kuwajua wako kwenye korido zile. Bosi wako ana lake la kweli pia, kuna mashirika yanaangalia jina la chuo cha nje na hatuwezi kujifanya hatujui. Lakini muulize akuonyeshe matangazo ya kazi. Kaa nayo jioni moja, yale ambayo roho yako inaruka ukiyasoma, uone yanataka nini hasa, je ni masta ya nje, au ni masta na uzoefu wa GIS, ile kazi ya ramani za kompyuta, na usajili wa mtaalamu wa tathmini ya mazingira kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa? Halafu wapigie simu watu wawili watatu wanaokaa kwenye viti unavyovitaka uwaulize walipitia wapi. Na cheti cha nje ukikileta bado kitapita TCU, tume ya vyuo vikuu, kutambuliwa, kwahiyo kokote uendako tunza nyaraka zako zote.

Hatari ya Zanzibar kwangu mimi haipo kwenye heshima, ipo kwenye mradi. Umesema profesa "amesema" atakulipia. Nataka iwe imeandikwa. Hela ya mradi imeshaingia au bado inasubiriwa? Mradi unaisha lini, na ukiisha wewe ukiwa katikati ya tasnifu nani anamalizia? Posho ni shilingi ngapi na inatoka kila mwezi au kila hela ikifika? Profesa wenye miradi wanasafiri sana, nani msimamizi wako wa pili? Masta za utafiti hapa kwetu mtu anaingia akijua miaka miwili na wengine wanatoka wa tatu au wa nne, na sababu mara nyingi ni hela ya fildi iliyochelewa au rasimu iliyolala mezani kwa msimamizi. Tafuta wanafunzi wake waliomaliza, uliza walichukua muda gani. Na usijidanganye kwamba Zanzibar ni nyumbani, kutoka Kilwa mpaka Dar ni saa kadhaa za basi na kuna boti bado, mtoto hutamuona kila jioni. Utamuona mara nyingi kuliko ukiwa Dresden, ndio, ila mama mkwe bado atahitajika.

Sasa mume wako. "Amua wewe, nakusapoti", na uso unasema kingine. Mwanangu, mwanaume anayesema hivyo mara nyingi anaogopa kuonekana ndiye aliyekuzuia, na wewe unaogopa kuuliza kwasababu unaweza kusikia hapana, basi wote mnaishi na kimya. Usimuulize tena "unaonaje", hilo swali ameshalijibu. Muulize vitu vya mikono. Mtoto akiugua usiku nani anampeleka hospitali, wewe au mama? Mshahara wako wa ualimu utatosha nyumba ukiwa peke yako? Tutaongea saa ngapi kwa siku? Kama ni Ujerumani na posho ya familia ipo, utaomba likizo bila malipo au unaogopa kupoteza ajira serikalini? Hapo ndipo utajua anachokiogopa, na inawezekana anachokiogopa sio kile unachokidhani.

Na baba. Najua kwenye familia zetu mzazi akisema nitauza shamba usome, kukataa kunaonekana kama kumtupia baraka usoni. Lakini unaweza kupokea baraka bila kupokea shamba. Kaa naye, peke yenu, mbele ya karatasi yenye hesabu yote ile ya milioni 100 na sio 19,000 tu, umuulize msimu ujao wa mnada wa korosho utamkuta anavuna wapi. Muulize pia kama kaka zako wameshirikishwa, maana manung'uniko ya pembeni yakiachwa miaka mitano yanageuka kuwa kesi, na wewe utakuwa ndio jina kwenye hiyo kesi. Anaweza akakwambia shamba lile limezeeka na alitaka kuliuza siku nyingi. Anaweza akashusha pumzi kwa kuwa umemfungulia mlango wa kurudi nyuma. Hujui mpaka umemuuliza, na mimi kwa mbali siwezi kujua.

Kitu kimoja kidogo, kama bado una deni la bodi ya mikopo, kwa sasa wanakata asilimia 15 ya mshahara kupitia mwajiri wako, mkataba ukiisha Juni makato yanasimama lakini deni linabaki. Waandikie hao bodi, HESLB, kabla hujaondoka kokote uwaeleze uko masomoni.

Kwahiyo wiki hii, kabla hujaamua chochote, tuma imeli tatu. DAAD waulize kuhusu fildi Tanzania, posho ya familia na tarehe ya kuondoka, na wakitaka jibu haraka waombe siku chache, kuomba kwa adabu hakuwanyang'anyi watu skolashipu. Chuo cha Uingereza waulize kurudisha dipoziti, kusogeza nafasi, na kama wana msaada zaidi ya ule wa 8,000, wapo wanaoongeza wakiombwa kwa barua nzuri. Profesa wa Zanzibar muulize hela ya mradi na uombe barua, na umwambie ukweli kwamba una ofa nyingine na unahitaji kujua atakushikia nafasi mpaka lini. Mtu mwenye heshima hatachukia, ameshakuwa mwanafunzi na yeye. Majibu yakija yaweke mezani na mume wako yupo, sio wewe peke yako na simu usiku.